Kombe la Darasa la Saba Haliingii Kidato cha Kwanza

Wajukuu zangu wa Handeni na Korogwe, kaeni tuzungumze. Maneno haya nimeyasema mara nyingi, kando ya viwanja, kwenye vikao vya wazazi, hata msibani watu wakisubiri kwenda kuzika, na kila mwaka nayakuta yamemwagika chini. Nguvu ya kuyapigia kelele sina tena. Nitayasema polepole, nanyi nisikilizeni mpaka mwisho, kwa kuwa wanaoumia ni ninyi.

Kila mwaka UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ikifika, mambo huenda kwa njia ileile. Shule zinapambana ndani ya kata, kata zinatoa wachezaji wa wilaya, wilaya zinakutana mkoani, na wachache waliobahatika wanavaa jezi ya Mkoa wa Tanga na kusafiri kwenda mashindano ya taifa, Mwanza, Mtwara au Tabora. Mtoto wa Sindeni au wa Magoma ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Segera anapanda basi la usiku, analala bweni la shule ngeni, anakula wali na nyama mfululizo, anarudi kijijini jina lake limetangulia. Mwenye duka anampa soda. Mwalimu mkuu anamtaja mstarini. Vijana wa kijiweni wanambandika jina la mchezaji wa Simba au wa Yanga. Septemba anafanya mtihani, Januari anaingia kidato cha kwanza, na ukija kuuliza mwaka unaofuata, yule winga yuko wapi, unaambiwa mpira kaacha. Wengine hata shule wameacha. Utawakuta Segera wanakimbilia madirisha ya mabasi na machungwa, utawakuta Mkata juu ya bodaboda, utawakuta Ngombezi wanakata mkonge wakiwa na miaka kumi na sita.

Watu wakiona hivyo wana majibu yao tayari. Kalewa sifa. Karogwa na wenzake. Mama yake kamdekeza. Nimewasikiliza sana wasemaji hao, na ninawajibu kwa utaratibu: mengi mliyomsifia mtoto huyu hayakuwa mali yake ya kudumu. Yalikuwa ya umri ule, ya uwanja ule na ya wapinzani wale. Yapo mengine yaliyokuwa yake kweli, nayo hakuna aliyekaa naye chini kumwonyesha.

Tazameni goli lenyewe. Kwa sheria za mpira, kutoka mlingoti mpaka mlingoti ni mita 7.32, na mtambaa wa panya uko mita 2.44 juu ya ardhi. Viwanja vyetu vingi vya shule za msingi milingoti yake ni miti iliyochimbiwa, lakini aliyeisimamisha alikuwa mtu mzima aliyewaza watu wazima. Pale katikati anasimama kipa wa darasa la saba, kimo chake mita moja na nusu hivi. Akinyoosha mikono na kuruka kwa nguvu zake zote, bado juu yake pana nafasi ya mpira kupita. Mtoto yeyote mwenye mguu mzito akishaligundua hilo, anafunga kutoka mbali, anafunga kutoka pembeni, anafunga hata akiwa hatazami. Tunamhesabia magoli na kumwita mfungaji bora wa wilaya. Sasa mpeleke sekondari. Kipa wa kidato cha nne ana kimo cha baba yake. Mipira ileile iliyokuwa ikitingisha nyavu, kama nyavu zilikuwapo, inadakwa kifuani kwa utulivu, na mfungaji bora anashika kiuno asijue kilichobadilika. Mguu wake ni uleule. Mlangoni ndiko alikobadilika mtu.

Na mbio ni hivyohivyo. Mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, ambaye pia anafundisha hisabati na sayansi na ana siku chache za mazoezi kabla ya mechi ya kata, anafanya jambo la busara kwa hali yake: anamweka mwenye mbio mbele, anawaambia waliobaki wapige mpira mbele. Timu inashinda. Simlaumu mwalimu huyo, ana mzigo wa kumtosha. Ila mtoto yule amemaliza shule ya msingi bila kujifunza kutuliza mpira katikati ya watu watatu, kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Kila mpira aliupokea akiwa peke yake, akitazama goli. Siku atakayokutana na beki mwenye mbio kama zake, na sekondari wako wengi, hatakuwa na cha pili cha kutoa.

Sasa niseme la umri, nami hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha mambo.

Mnamjua kijeba. Mnapomtaja mnamaanisha mtu mzima aliyepunguziwa miaka akaingizwa katika timu ya watoto, na wapo wa namna hiyo, nitawafikia. Lakini vijijini kwetu kuna mtoto mwingine ambaye hajadanganya mtu. Huyu alichelewa kuanza darasa la kwanza kwa sababu shule ilikuwa mbali na miguu yake bado midogo, au alikuwa porini na mifugo, au alipelekwa kwa bibi yake upande wa Kilindi akarudi baada ya miaka miwili. Matokeo yake, katika darasa la saba moja utakuta mwenye miaka kumi na miwili amekaa dawati moja na mwenye miaka kumi na mitano. Wote ni wanafunzi halali, wote majina yao yamo kwenye daftari la mahudhurio. Uwanjani yule wa kumi na mitano ana misuli, sauti imekwishakuwa nzito, akimgusa mwenzake bega mwenzake anakaa chini. Tunapiga makofi na kusema huyu ana kipaji. Huenda anacho kweli. Lakini tunachokiona siku ile ni miaka mitatu aliyowatangulia wenzake kuzaliwa, na wenzake watakapofika kumi na mitano watamkuta ana kumi na minane, na tofauti yote iliyomfanya nahodha itakuwa imekwisha.

Hili limechunguzwa mbali na kwetu. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Canada, Roger Barnsley, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba wachezaji wa magongo ya barafuni waliofika ngazi za juu walikuwa wamezaliwa zaidi Januari, Februari na Machi kuliko miezi ya mwisho wa mwaka, kwa kuwa utotoni waligawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa na wa Januari walionekana wakubwa na hodari. Miezi michache tu ilitosha kumfanya mtoto achaguliwe, na kuchaguliwa kukamletea makocha na mazoezi. Sisi hatuzungumzii miezi. Tunazungumzia miaka. Pimeni wenyewe ni wadogo wangapi wenye macho ya mpira tumewaacha wakiokota mipira nyuma ya goli, wakati sifa zote zikienda kwa aliyetangulia kuota ndevu. Mbwana Samatta alizaliwa tarehe 23 Desemba 1992. Kwa hesabu ya mwaka wa kuzaliwa, katika kundi lake ni wachache sana waliokuwa wadogo kuliko yeye. Ndiye aliyetwaa ubingwa wa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, na Februari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kufunga goli katika Ligi Kuu ya Uingereza akiwa Aston Villa.

Kwa hiyo wewe uliyekuwa mkubwa darasani, sikiliza bila kuudhika. Usijione tapeli, na usijione mfalme. Chukua nafasi hiyo ya muda uliyopewa ujifunze mambo ambayo ukubwa ulikuwa unakusamehe: mguu wa pili, pasi ya kwanza, kutazama pembeni kabla mpira haujakufikia. Na wewe uliyekuwa mdogo, uliyewekwa benchi mechi zote za kata, usiende kuitupa bukta yako. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16 kwa kuonekana mfupi. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Uingereza na Leicester City, na ndani ya timu hiyohiyo alikuwamo N'Golo Kanté, ambaye vituo vya soka vya kwao Ufaransa vilikuwa vimempita kwa udogo wa mwili. Miili hukua kwa ratiba ya Mwenyezi Mungu. Afisa michezo hana habari nayo.

Nirudi kwa vijeba wa kutengenezwa, na hapa nawageukia wazazi na walimu, kwa sababu mtoto hajiandikii cheti cha kuzaliwa. Nchi hii imekwishaaibika kwa jambo hili. Vijana wetu wa Serengeti Boys, timu ya taifa ya chini ya miaka 17, walifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 zilizochezwa Gambia, waliifunga Zimbabwe uwanjani, na wakaondolewa kwa kosa la umri. Zimbabwe ikaenda badala yetu. Timu nzima ya watoto, pamoja na wale wenye umri halali, ilibaki nyumbani. Tangu mwaka 2009 FIFA inapiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono katika mashindano ya vijana, na mifupa haina mjumbe wa nyumba kumi wa kuitetea. Mnaokaa usiku mkibadili tarehe ili shule yenu ichukue kombe la kata, mjue mnamfungia huyo kijana njia ya miaka yote ijayo. Atakapohitajika kweli, atakuwa na umri wa aina mbili, na hakuna utakaomfaa. Na aliyenyang'anywa nafasi yake na mamluki huyo ni mtoto wa jirani yenu.

Haya, tuingie kidato cha kwanza.

Mnaingia Januari mkiwa na kombe kichwani. Pale shuleni hakuna aliyeliona. Mashindano sasa ni UMISSETA, ya shule za sekondari, na wanaogombea nafasi ni kidato cha kwanza mpaka cha nne, na penye kidato cha tano na cha sita ndiyo kabisa, wanaume wenye miaka kumi na tisa. Wewe una kumi na mitatu au kumi na minne. Nahodha wa jana anapewa kazi ya kubeba mfuko wa jezi. Hapo ndipo wengi wanapovunjika moyo, na ninawaelewa, maana hakuna aliyewaambia mapema kwamba kusubiri huku ni kwa kawaida kabisa. Ni miaka miwili, pengine mitatu. Ninyi mliokulia Magunga na Kwashemshi mnaujua mkonge: unapandwa, unapaliliwa, na jani la kwanza halikatwi mpaka ipite miaka miwili na nusu au mitatu. Hakuna mnyapara anayeulaumu mche kwa hilo. Basi nanyi ipeni miguu yenu muda huohuo, lakini mkiwa mnafanya mazoezi.

Katika muda huohuo mwili nao unawageuka. Mvulana hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati wote karibu na umri wa miaka kumi na minne. Miguu inakuwa mirefu kuliko anavyoijua, chenga iliyokuwa rahisi inamkataa, anajikwaa mwenyewe. Wengine wanapata uvimbe wenye maumivu chini ya goti, pale kano ya msuli mkubwa wa paja inaposhika mfupa wa ugoko, hasa wakicheza kila siku kwenye uwanja mgumu wa kiangazi. Nimeona vijana wakichanjwa chale kwa maumivu haya, na nimeona wengine wakifungwa kitambaa na kusukumwa uwanjani wacheze fainali. Msifanye hivyo. Nendeni zahanati, punguzeni kukimbia na kuruka kwa muda, na kwa wengi maumivu hayo huisha yenyewe kukua kunapokamilika. Ubutu wa mwaka mmoja wa kurefuka si mwisho wa mpira wako. Atakayekuambia umekwisha ukiwa na miaka kumi na minne, mwache aseme, asubuhi yake nenda kagonge mpira ukutani kwa mguu wa kushoto.

Lakini adui mkubwa kuliko benchi na goti ni ile miezi kati ya mtihani wa darasa la saba na kidato cha kwanza. Kuanzia Septemba mpaka Januari mtoto hana shule, hana mwalimu wa michezo, hana ratiba. Wazazi wanamwona mikono mitupu na wanampeleka kuvuna machungwa, kuchoma mkaa, kulinda shamba la mahindi na nguruwe. Kumsaidia mzazi ni wajibu, silipingi hilo. Ninachopinga ni pale pesa ya kwanza ya machungwa inapomwonyesha mtoto kwamba shule ni hasara. Aliyeonja elfu tatu kwa siku na sifa za kijiwe, kisha akaingia darasani akakuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza, na uwanjani akakuta yeye ni mbeba jezi, huyo anahitaji mtu mzima wa kumshika mkono. Asipompata, kufika Pasaka amerudi barabarani.

Na umbali nao. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia mpango wa sekondari wa mwaka 2004, na tangu 2016 ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne imefutwa katika shule za serikali; hilo ni jema kubwa ambalo mimi na wazee wenzangu hatukulipata. Ila kata za Handeni ni pana. Mtoto anatembea alfajiri, anatembea alasiri, na mazoezi ya mpira yanaanza saa kumi, saa ambayo yeye anapaswa kuwa njiani kabla giza halijamkuta kichakani. Wengine wanapangishiwa chumba karibu na shule, wanapika wenyewe, wanalala wenyewe, wakiwa na miaka kumi na minne. Mpira wa mtoto anayekula mlo mmoja una kikomo chake hata awe na kipaji cha namna gani. Mzazi unayejivunia magoli ya mwanao, anza kwa unga na maharage ya kumtosha huko gheto, ndipo uulize habari za daluga.

Masomo nayo hayajatengana na mpira, ingawa vijana wengi wanayaona hivyo. Anayecheza UMISSETA ni mwanafunzi. Kijana akianguka upimaji wa kidato cha pili kwa sababu muhula mzima alikuwa kambini au kwenye ndondo za mtaani za kuwania mbuzi, anaweza kujikuta hana shule wala timu. Na wale wa ndondo wanaokulipa elfu tano na sahani ya chips uwachezee wikiendi, wiki utakayovunjika hawatakujua.

Mtaniambia, babu, wapo waliovuka. Wapo, na nimewatazama kwa makini walivukaje. Mwaka 2017 Serengeti Boys walicheza fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gabon, wakatoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa na Niger 1-0 na kutolewa. Taifa zima liliwajua kwa majina wiki zile. Katika kundi lile walikuwamo Dickson Job na Kibwana Shomari, na hao wawili baadaye waliichezea Yanga. Kati ya Gabon na Yanga walipitia Mtibwa Sugar, kule Turiani mkoani Morogoro, mahali ambapo kijana alipata kucheza mechi nyingi bila watu kumgeuza mungu. Wenzao wengi waliokuwa nao Gabon leo hata mshabiki wa damu hawezi kuwataja. Kilichowatenga hawa na wale, kwa ninavyoona mimi, ni kupata uwanja wa kucheza kila wiki baada ya sifa kupoa. Na sifa hupoa kwa kila mtu. Freddy Adu, mzaliwa wa Ghana aliyekulia Marekani, alianza kucheza ligi kuu ya huko mwaka 2004 akiwa na miaka 14, wakamlinganisha na Pelé. Alizunguka klabu za nchi nyingi, na walichomtabiria hakukifikia. Alikuwa na kila kitu ambacho ninyi hamna: viwanja, madaktari, pesa. Utoto wa ajabu haukumhakikishia chochote.

Jirani zetu Waganda wamejenga daraja hapo tunapoangukia sisi. Shule ya St Mary's Kitende, chini ya Lawrence Mulindwa aliyewahi kuwa rais wa chama cha soka cha Uganda, ina uhusiano wa karibu na klabu ya Vipers, na mwanafunzi wa sekondari anaiona njia ya kutoka darasani mpaka ligi kuu bila kuacha daftari. Kwetu nako kulikuwa na wakati shule ya Makongo, Dar es Salaam, ilisifika kwa kulea wanafunzi wachezaji. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii ya shule ikasimamishwa kwa miaka kadhaa, na watoto waliokuwa shuleni wakati ule walipita bila kuonwa na mtu. Huo ni ukatili ambao bado tunaulipia. Sasa Shirikisho la soka la nchi limejenga kituo cha ufundi Mnyanjani, Tanga, kilometa 100 hivi kutoka Korogwe. Mkoa wenye Coastal Union, bingwa wa nchi mwaka 1988, haukosi historia wala hamu. Unakosa mtu wa kumpokea mtoto wa Handeni siku anapotoka mkono wa mwalimu wa msingi kabla hajaingia mkono wa mwalimu wa sekondari.

Wajukuu zangu wa kike, msidhani nimewasahau. Mnacheza mpira UMITASHUMTA, na wengine mnacheza vizuri kuliko kaka zenu. Lakini kaka yako akirudi mazoezini anakuta chakula, wewe ukirudi unakuta ndoo. Wazazi, binti mwenye kipaji mpunguzieni maji na kuni siku za mazoezi. Kaka yake ana mikono.

Na jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024 elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Mwaka 2027 watamaliza pamoja darasa la saba la mwisho na darasa la sita la kwanza, na Januari 2028 makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Wachezaji watakuwa wengi maradufu kwenye viwanja vilevile, na nusu yao watakuwa wadogo kwa mwaka mmoja kuliko tuliowazoea. Ikiwa leo tunampoteza mtoto mwenye miaka kumi na minne, huyo wa kumi na miwili atafanywaje?

Kwa hiyo nawaomba walimu wa michezo wa shule za msingi za Handeni na Korogwe jambo moja, dogo, lisilohitaji bajeti. Kila mwaka kabla ya Desemba, chukueni karatasi, andikeni majina ya watoto waliocheza, tarehe zao za kuzaliwa zilizo za kweli, nafasi wanazocheza, mguu wanaoutumia, na wadogo mliowaweka benchi ambao macho yenu yaliona kitu. Matokeo yakitoka na shule zikijulikana, ipelekeni karatasi hiyo kwa mwalimu wa michezo wa sekondari wanakokwenda. Nanyi walimu wa sekondari, wiki ya kwanza ya masomo waiteni watoto hao kwa majina, wapangieni mechi zao wenyewe, kidato cha kwanza na cha pili peke yao, hata kama hazina kombe. Wazazi, mtoto akirudi amechelewa kwa sababu ya mechi hizo, mwekeeni chakula na msimchape.